Kompyuta ya bei ya mbuzi: inafaa nini nyumbani kijijini?

Siku hizi si ajabu kukuta nyumba kijijini ina simu nne na bando moja. Mtoto wa kidato cha pili anataka kuangalia somo la hesabu, mdogo wake anataka hadithi, baba anataka kuona bei ya mahindi mjini, na bando lenyewe ni la siku, amelinunua mama kwa hela ya nyanya. Ikifika saa mbili usiku bando limekwisha na somo halijafika nusu.

Kila tunapogusa habari za teknolojia hewani, wasikilizaji wetu hutuuliza kuhusu kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye ukubwa wa kitambulisho, inayoitwa Raspberry Pi. Wengine wameiona kwenye video, wengine wameisikia kutoka kwa watoto wao. Wanataka kujua inafanya nini, na kama ni busara kuuza mbuzi ili kuinunua. Tunasema mbuzi kwa sababu bei haiko mbali na hapo, na kwa sababu mbuzi naye ni akiba: ndani yake mna sare ya shule, mna nauli ya hospitali. Kwa hiyo tutahesabu kwanza, kusifia baadaye.

Kifaa chenyewe

Ukiishika mkononi utaona bodi ya kijani yenye vipande vidogo vyeusi na matundu ya kuchomeka waya. Kila kilichomo ndani ya kompyuta ya kawaida kimebanwa hapo, isipokuwa mahali pa kuhifadhia kazi. Kazi hiyo hufanywa na memori kadi, ileile ndogo ya kwenye simu. Ukitaka kuitumia kama kompyuta ya mezani, unaiunganisha na TV kwa waya wa HDMI, unaongeza kibodi na kipanya, na mtoto anaandika barua, anapiga hesabu za duka au anajifunza kutengeneza programu. Ukitaka, unaiacha bila kioo kabisa. Inakaa juu ya kabati, inafanya kazi kimya, na watu wanaifikia kwa simu zao. Matumizi haya ya pili ndiyo tunayoyaona kuwa na faida kubwa zaidi kijijini.

Ilianza Uingereza, mjini Cambridge. Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaokuja kusoma kompyuta chuoni hawana tena uzoefu wa kuichokonoa mashine kama kizazi kilichotangulia, wakataka kutengeneza kompyuta ya bei ndogo kiasi kwamba mzazi hataogopa mtoto akiichezea. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35 za Marekani. Kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 60 duniani. Modeli kadhaa zilizofuata zilianzia bei hiyohiyo ya dola 35, na mwaka 2021 ikatoka ndogo zaidi, Zero 2 W, kwa dola 15.

Dola 35 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kati ya shilingi 85,000 na 95,000 za Tanzania, au karibu shilingi 4,500 za Kenya. Lakini hiyo ni bei ya kule inakotoka. Ikifika Kariakoo au Luthuli Avenue imeshabeba usafiri, kodi na faida ya mwenye duka. Halafu bodi peke yake haifanyi kitu: inataka memori kadi nzuri, chaja inayoiweza, kasha la kuikinga na vumbi na mende, na pengine mkono wa fundi. Ukijumlisha vyote, mbuzi wa kwanza amenunua bodi na wa pili amenunua vifaa vyake.

Kuleta mara moja, kutumia mara nyingi

Tuchukue video ya somo la dakika 20 kwa ubora wa kawaida wa simu. Hiyo inakula takriban MB 90. Watoto wanne wakiitazama mara mbili kila mmoja, kwa sababu hesabu haielewekei mara ya kwanza, zimekwenda MB 720 kwa somo moja tu. Video hiyohiyo ikiwa ndani ya Raspberry Pi, MB 90 zimelipwa mara moja, tena pengine hazikulipwa kwa bando lako: zimepakuliwa mjini, au shuleni penye intaneti, zikaletwa kwenye flashi.

Inawezekanaje? Kuanzia Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, modeli nyingi zina waifai ndani yake. Bodi inaweza kuwekwa itoe waifai yake yenyewe, kama simu inavyofanya inapomrushia mwenzake bando, ila hii haina laini wala bando. Simu ikijiunga na waifai hiyo na kufungua kivinjari, inakuta ukurasa wenye kila ulichohifadhi: vitabu, video, sauti. Hakuna senti inayokatwa. Mzazi anayeogopa mambo ya ovyo ya mtandaoni atapenda hili pia, maana mtoto akiwa kwenye waifai hiyo, na data ya simu imezimwa, anaona tu kile kilichowekwa humo.

Kuna programu mbili za bure ambazo tunazipendekeza kuliko nyingine. Ya kwanza ni Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007. Inachukua tovuti nzima, kama kamusi elezo ya Wikipedia, na kuikunja iwe faili moja unaloweza kulisoma bila intaneti. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 90, na hiyo ni mzigo. Ya Kiswahili ni ndogo sana ikilinganishwa nayo, inaingia kirahisi kwenye kadi ya GB 16 na nafasi inabaki. Haina kila kitu, na makala nyingine humo ni fupi mno, lakini mwanafunzi anayeuliza mlima, mto, mdudu au historia ya nchi fulani hupata pa kuanzia.

Ya pili ni Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality mahsusi kwa shule na nyumba zisizo na intaneti. Yenyewe hupanga masomo, video na mazoezi, humpa kila mtoto jina lake la kuingilia, na humwonyesha mzazi au mwalimu nani amefika wapi. Maelezo yake ya kuitumia yapo kwa Kiswahili. Humo unaweza kuweka hadithi za watoto za African Storybook, ambazo nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika. Tunasema wazi kwamba masomo mengi ya sayansi na hesabu humo ni ya Kiingereza na hayakuandikwa kwa kufuata mtaala wetu. Kwa mwanafunzi wa sekondari yanasaidia. Kwa mtoto wa darasa la tatu, hadithi ndizo zenye manufaa zaidi, pamoja na vitabu vya shule na mitihani ya miaka iliyopita ambayo mwalimu anaweza kukupatia katika mfumo wa PDF.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kama nyumba ina msomaji mmoja na simu moja nzuri, huhitaji Raspberry Pi. Kiwix ipo pia kama programu ya simu ya Android. Nunua memori kadi, weka faili, maliza. Bodi hii inaanza kulipa pale penye wasomaji watatu au zaidi, au pale jirani wanapokuja kusoma kwako. Waifai yake inafika uani na nyumba ya pili, si kijiji kizima, na simu zikizidi idadi fulani inaanza kusuasua, hasa wote wakitazama video kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mmoja wa simu za Android. Ukijiunga na waifai isiyo na intaneti, simu hukuonya kwamba mtandao huo hauna intaneti, na nyingine hurudi zenyewe kwenye data ya laini bila kukuuliza. Mtoto anadhani anasoma bure kumbe bando linaliwa. Dawa yake ni kuzima data kabla ya kujiunga, au simu ikiuliza kama ubaki kwenye waifai hiyo, kubali ubaki.

Umeme wake si wa kutisha

Watu wengi hudhani kompyuta ni kitu cha kula umeme. Hii inakula kidogo. Raspberry Pi 3 ikitoa waifai na kusomwa na simu chache hutumia takriban wati 3, chini ya taa nyingi za LED za sebuleni. Ukiiwasha saa 6 za jioni, ni wati-saa 18. Betri ya simu ya kawaida ya 4000 mAh hubeba karibu wati-saa 15. Kwa hiyo jioni nzima ya maktaba ya nyumbani inakula kama kuchaji simu moja na kidogo. Zero 2 W hula pungufu ya hapo. Kinachokula ni TV: hata TV ndogo ya sola hula zaidi ya kompyuta hii, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda kuitumia kwa simu.

Nyumba yenye paneli ya wati 50 na betri ya volti 12 inaibeba kompyuta hii bila taa kulalamika, ikiwa betri bado nzima. Tatizo ni jinsi ya kuiunganisha. Raspberry Pi inakunywa volti 5. Ukiigusisha moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 inaungua palepale, na bodi iliyoungua hivyo si ya kumpelekea fundi, ni ya kutupa. Tumia kipunguza volti chenye tundu la USB, kama kile cha kuchajia simu ndani ya gari, lakini kiwe cha kweli. Raspberry Pi 3 inataka chaja ya ampea 2.5, na Raspberry Pi 4 inataka ampea 3. Chaja nyingi za mtaani zimeandikwa ampea 2 na hazitoi hata 1. Simu huvumilia, inachaji polepole tu. Kompyuta haivumilii: inajizima na kujiwasha, au inagandaganda bila sababu unayoiona. Ukiiunganisha na TV na ukaona alama ndogo ya radi kwenye pembe ya kioo, ndiyo inakuambia kwamba umeme hautoshi. Mara nyingi kosa si la chaja, ni la waya mrefu na mwembamba. Badili waya kwanza.

Wenye sola za mkopo zinazolipiwa kwa simu wawe waangalifu. Tundu la USB la vifaa hivyo limetengenezwa kwa ajili ya simu na redio, na mara nyingi haliwezi kuibeba Raspberry Pi 3 au 4. Zero 2 W ina nafuu. Usifungue kasha la sola ambayo hujamaliza kuilipa ili uchukue umeme wa betri kwa ndani. Mkataba mwingi unakataza, na ukikiharibu utaendelea kulipia kifaa kilichokufa.

Kipindi kilichokupita ukiwa shambani

Hili tunalisema kwa furaha maana ni la kazi yetu. Vipindi vingi vya kilimo na afya huenda hewani mchana, wakati aliyekusudiwa yuko shambani au sokoni. Raspberry Pi inaweza kukurekodia kipindi na ukakisikiliza usiku kwa simu, kupitia waifai ileile.

Njia rahisi ni hii. Chukua redio yako ya kawaida, iache kwenye masafa unayotaka. Kutoka tundu la spika za masikioni pitisha waya hadi kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB iliyochomekwa kwenye bodi. Kadi hiyo ni lazima, kwa sababu Raspberry Pi haina tundu la kuingizia sauti. Hata modeli zenye tundu la duara zina la kutolea tu. Punguza sauti ya redio iwe chini kabisa ya kati, maana sauti ya kwenda masikioni ni kubwa mno kwa tundu la maikrofoni na rekodi itatoka ikikwaruza. Redio itumie betri zake yenyewe, na uiweke mbali kidogo na kipunguza volti. Vipunguza volti vya bei ndogo hutoa kelele inayoingia redioni, na mara nyingi kuisogeza mita mbili kunatosha kuiondoa.

Saa moja ya maongezi ikirekodiwa kwa ubora wa kutosha huchukua takriban MB 29. Nafasi ya GB 16 inabeba zaidi ya saa 500. Unaweza kuhifadhi msimu mzima wa vipindi vya mahindi, kuanzia kuandaa shamba hadi kuhifadhi ghalani, na mwakani ukarudia kipindi cha viwavijeshi siku ile unapowaona. Rekodi ya kusikiliza nyumbani na majirani hatuna ugomvi nayo. Kuichukua na kuiuza, au kuipandisha mtandaoni kwa jina lako, hilo ni jambo jingine.

Sasa saa. Simu ikizimwa huendelea kukumbuka saa. Raspberry Pi karibu zote kabla ya modeli ya 5 hazikumbuki: zinategemea kuulizia intaneti kila zinapowashwa. Pasipo intaneti, bodi huanza kuhesabu kutoka pale ilipozimwa. Ukiizima saa nne usiku na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi, itadhani bado ni saa nne usiku. Ukiiagiza irekodi kipindi cha saa tano asubuhi, itakirekodi saa moja jioni, na badala ya mtaalamu wa kilimo utakuta magoli ya ligi. Kuna kidude kidogo cha saa chenye betri ya kidonge, kinaitwa DS3231, si cha bei kubwa, kinachomekwa kwenye vipini vya bodi na tatizo linakwisha. Raspberry Pi 5 imekuja na saa ndani yake, lakini betri ya saa hiyo unainunua mwenyewe.

Wapo vijana ambao wamegundua kwamba kwa kipande cha waya na programu fulani bodi hii inaweza pia kurusha matangazo ya FM, na wanatuuliza kama waanzishe redio ya mtaa. Jibu letu ni hapana. Kurusha matangazo bila leseni ni kosa kisheria, Tanzania kwa TCRA na Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Tena mawimbi yanayotoka kwa njia hiyo ni machafu, yanatapakaa nje ya masafa uliyochagua, na pale FM inapoishia, MHz 108, ndipo masafa ya ndege yanapoanzia.

Roho yake iko kwenye kadi

Bodi yenyewe ni ngumu, inaweza kuishi miaka. Kinachokufa ni memori kadi. Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, mafaili ya mfumo huweza kuharibika, na siku ya pili kompyuta haiwaki. Watu wengi huishia hapo: wanadhani bodi imekufa, inawekwa kabatini na hadithi yake inakwisha. Sehemu nyingi za kwetu umeme unakatika mara nyingi kwa wiki, kwa hiyo jambo hili si la kupuuza.

Tunashauri kwanza kuiwasha kwa betri ya sola hata kama nyumba ina umeme wa gridi, maana betri haishtuki umeme ukikatika. Pawabenki inaweza kusaidia, lakini si kila pawabenki: nyingi haziwezi kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na nyingine hukata kwa nukta moja zinapobadili chanzo. Nukta hiyo inatosha kuizima kompyuta. Izime kwa utaratibu kila usiku, kwa kitufe cha kuzimia kwenye ukurasa wake, kabla ya kuchomoa waya. Na kwa maktaba ya kusoma tu, isiyorekodi kitu, mwambie fundi aiwashe ile hali ya kutoandika kwenye kadi. Mfumo wa Raspberry Pi unao mpangilio huo ndani yake. Kadi isiyoandikwa haiharibiki kirahisi umeme ukikatika.

La maana kuliko yote ni kadi ya pili. Kila kitu kikishakaa sawa, fundi ainakili kadi yote kwenye nyingine, uifunge kwenye karatasi na kuihifadhi mahali pakavu. Ya kwanza ikifa, unachomeka ya pili na maisha yanaendelea jioni hiyohiyo.

Jihadhari na kadi bandia. Zimejaa. Juu imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8, na haisemi ukweli mpaka ijae. Mafaili yanaonekana yamo lakini hayafunguki. Ipo programu ya bure ya kompyuta inayoitwa F3 ambayo huijaza kadi na kuisoma upya kuhakikisha ukubwa wake. Fundi asiyekubali kuipima kadi mbele yako, mshukuru na uondoke.

Kazi ambazo hatushauri

Ukitafuta matumizi ya kompyuta hii utakutana na orodha ndefu kutoka Ulaya na Marekani: kuzuia matangazo ya biashara kwenye intaneti ya nyumba, kuwasha taa kwa sauti, kucheza michezo ya zamani ya TV. Mengi yanadhani una intaneti isiyokatika ya kulipia kwa mwezi. Kwa bando la siku hayana maana.

Kulinda zizi kwa kamera? Inawezekana. Inataka kamera ya kuona gizani, taa zake, kasha lisilopitisha mvua, modemu ya laini ili ikutumie ujumbe, na umeme wa usiku kucha. Gharama hiyo inajenga zizi imara na kulisha mbwa wawili, na mbwa habweki baada ya mwizi kufika barabarani.

Kupima joto la vifaranga nako kunawezekana, na tumeulizwa na wafugaji kadhaa. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha joto linapunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Lakini kwa kazi hiyo kipima joto cha kawaida kinatosha, na vifaranga wenyewe ni kipimo: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema wana joto. Vipima unyevu vya udongo navyo vina shida yake. Vingi vya bei ndogo hutoa umeme unaopanda na kushuka kidogokidogo, na Raspberry Pi haina tundu la kusoma umeme wa aina hiyo, ni lazima uongeze kidude kingine. Kijana anayetaka kujifunza mambo ya vipimo anunue Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4. Haitoi maktaba wala haifungui video, lakini kwa kupima na kuwasha pampu inafaa kuliko kaka yake, na akiiunguza hasara ni ndogo.

Kabla ya kutoa pesa

Ugumu wa kwanza utakuwa huu: huwezi kuiandaa Raspberry Pi kwa simu peke yake bila kuhangaika. Kadi yake huandikwa kwa kompyuta, kwa programu inayoitwa Raspberry Pi Imager. Kwa hiyo tafuta mtu kabla hujatafuta kifaa: mwalimu wa kompyuta wa sekondari iliyo karibu, kijana aliyesoma chuo cha ufundi, au mwenye steshenari anayejua zaidi ya kuchapa. Mwulize kama amewahi kuiweka Raspberry Pi itoe waifai yake. Akisema hajawahi lakini atajaribu, siyo mbaya, ila msikubaliane malipo ya fundi mzoefu. Akimaliza akuandikie kwenye karatasi jina la kuingilia na nywila. Mifumo mipya ya Raspberry Pi haina nywila ya kiwandani, na karatasi hiyo ikipotea fundi mwingine atalazimika kuanza upya.

Kopa kabla ya kununua, kama inawezekana. Mzazi mwenzako au shule ikiwa na moja, omba ikae nyumbani kwako wiki moja ya likizo. Utaona kama watoto wanaifungua siku ya nne. Kuna nyumba ambako inageuka kuwa kitu cha kila jioni, na kuna nyumba ambako inashika vumbi kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekaa na watoto siku za mwanzo kuwaonyesha pa kubonyeza.

Angalia pia kama kuna kompyuta mpakato ya zamani mahali fulani kwenye ukoo. Hata yenye betri iliyokufa na kioo kilichopasuka inaweza kufanya kazi ya Kolibri na Kiwix. Inakula umeme mara kadhaa zaidi ya Raspberry Pi, kwa hiyo kwa sola ndogo haifai, lakini penye umeme wa gridi inaweza kukuokolea mbuzi wote wawili.

Ukifika dukani, nenda na kadi ambayo fundi wako ameshaiandaa na umwambie mwenye duka aiwashe mbele yako. Kwenye Raspberry Pi 3 au 4, taa nyekundu iwake bila kupepesa, na ya kijani icheze pale kadi inaposomwa. Subiri dakika mbili, kisha tafuta jina la waifai yake kwenye simu yako. Likitokea na ukurasa ukafunguka, lipa. Omba risiti iliyoandikwa modeli na kiasi cha memori, kwa sababu bodi ya GB 1 na ya GB 4 zinafanana machoni lakini bei zake hazifanani.